Chama cha Mikono Misafi

Katika nchi yetu daktari haruhusiwi kujua jambo jipya bila kibali. Ikitokea amelijua kwa bahati mbaya, anatakiwa kutoa taarifa mapema iwezekanavyo.

Wageni wakisikia hivyo hushangaa, nasi hushangaa kwamba wanashangaa, kwa sababu utaratibu huu una chanzo, na chanzo chake ni cha heshima. Zamani mafunzo ya madaktari yaliandaliwa na wauza dawa. Daktari alialikwa hotelini, akalazwa kwenye shuka nyeupe, akalishwa samaki mzima, kisha akafundishwa. Na kila somo, liwe la moyo au la ukurutu, liliishia kwenye jina la kidonge kilekile. Watu wenye akili walilalamika. Serikali ikasikia, jambo ambalo halitokei kila mwaka, ikaunda Baraza la Ithibati ya Mafunzo ya Tiba. Baraza likaamua kwamba anayeuza dawa hawezi kuidhinisha mafunzo ya madaktari, kwa kuwa ana maslahi. Uamuzi ulikuwa mzuri. Hata leo hakuna anayeupinga.

Nchi nyingine zingeishia hapo. Lakini Baraza letu lina watu wanaofikiri hadi mwisho, na mwenyekiti wake, Mheshimiwa Dokta Gervas Mpangala, hufikiri hata baada ya mwisho. Mheshimiwa alisomea udaktari ujanani, kabla hajagundua kuku wa mayai. Katika kikao cha pili alisimama, akalivuta koti chini, akasema:

"Ndugu wajumbe, tumemfukuza paka tukamwacha chui. Muuza dawa ananufaika mgonjwa akinunua kidonge. Sawa. Lakini huyo, wagonjwa wakiisha, atauza sabuni. Daktari je? Watu wakipona wote kesho asubuhi, daktari atauza nini? Nawauliza: nani katika nchi hii ana maslahi na ugonjwa kuliko yule anayeutibu?"

Wajumbe walitazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu, na kwa taratibu zetu swali likikosa jibu huwa kanuni. Ndivyo ilivyozaliwa Kanuni ya Mikono Misafi: chama cha madaktari kitastahili kuidhinisha mafunzo iwapo tu wanachama wake hawagusi wagonjwa.

Vyama vilichujwa. Chama cha wapasuaji kilienguliwa siku ya kwanza. Chama cha madaktari wa watoto kilikata rufaa, lakini wakaguzi walipofika ofisini walikuta watoto. Mwishowe kilibaki chama kimoja tu chenye sifa, Jumuiya ya Madaktari Wasio na Wagonjwa, ambamo walikuwamo naibu waziri mmoja, wenye hoteli wawili, mwenyekiti wa klabu ya mpira na, kwa kuwa alikuwa na sifa kuliko wote, Mheshimiwa Mpangala mwenyewe. Jumuiya hiyo ikaanza kuidhinisha mafunzo makao makuu ya nchi. Mwaka wa kwanza iliidhinisha somo la itifaki ya kuketi meza kuu, na somo la uvaaji wa koti jeupe mbele ya wafadhili. Somo lililojaza ukumbi hadi watu wakasimama lilikuwa lile lililoitwa "Umuhimu wa Mafunzo".

Kila daktari alitakiwa kukusanya alama za mafunzo hayo, au leseni yake ife. Na fundisho lolote lisilo na ithibati likawa kosa. Hospitali ikikamatwa nalo mara ya kwanza huonywa. Mara ya pili huvuliwa hadhi, madaktari wake hutawanywa, na jengo hukabidhiwa idara ya mifugo.

*

Hospitali ya wilaya ya Kisindi ilikuwa na madaktari watatu. Mkubwa wao alikuwa Dokta Mwanahawa Tindwa, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu. Wa pili alikuwa Dokta Kasimiri Ngonde, ambaye alitibu kila kitu na kukitania. Wa tatu, Dokta Shukurani Lwimbo, alikuwa ametoka chuoni juzi tu na bado alikuwa akinawa mikono kwa muda ulioandikwa kitabuni.

Kisindi iko mbali. Kwenda hospitali ya mkoa ni safari ya kutwa nzima kama mvua haijanyesha, na friji ya damu ya hospitali hiyo kwa kawaida huhifadhi soda za karani. Kwa hiyo mwanamke akijifungua na damu ikakataa kukoma, Kisindi hakuna pa kumpeleka. Dokta Tindwa alikuwa na njia. Alifundishwa na daktari wa nchi jirani aliyekutana naye kambini wakati wa kipindupindu. Njia yenyewe ilihitaji kondomu moja, mpira wa mkojo, uzi na dripu ya maji ya chumvi. Na alikuwa ameitumia mara nyingi kiasi kwamba kulikuwa na mabinti wilayani walioitwa Mwanahawa bila kuwa na undugu naye.

Wasiwasi wake ulikuwa mmoja. Akiondoka, njia itaondoka naye. Daktari akiisoma tu karatasini, mikono yake huchelewa, na kwenye jambo hilo mkono ukichelewa mtu amekufa.

Ndiyo maana kila Alhamisi, baada ya kupita wodini, aliwakusanya wenzake kwenye chumba cha chai na kuweka mezani kibuyu cha maziwa kilichotobolewa mdomo. Kibuyu kilikuwa mfuko wa uzazi.

"Dada Mwanahawa," Dokta Ngonde alisema Alhamisi moja, "leo hiki kina mimba ya nani? Maana wiki iliyopita kilikataa kumtaja."

"Kimezaa tayari. Kinatoka damu, na wewe unacheka. Shukurani, shika mpira. Vika kondomu kwenye ncha. Sasa chukua uzi."

Dokta Shukurani alichukua uzi. Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja nadhifu aliyebeba mkoba na kikombe chake mwenyewe cha chai. Alikuwa Bibi Teodosia Kirumba, mkaguzi wa Baraza.

"Samahanini sana," alisema. "Msinijali, endeleeni. Ila msiendelee."

Uzi ulibaki vidoleni mwa Dokta Shukurani.

"Nani ameidhinisha kibuyu hiki?" Bibi Kirumba aliuliza, kwa upole kabisa.

"Mama yangu alikuwa akigandishia maziwa," alijibu Dokta Tindwa.

"Na hiyo kondomu? Ninavyofahamu, kondomu inazuia uzazi. Huyu wenu mnasema ameshazaa."

"Sasa tunazuia kifo."

Bibi Kirumba alilitafakari jibu hilo na kuona kwamba halimo katika matumizi yaliyosajiliwa ya kondomu. Hospitali ikapewa onyo la kwanza. Lakini hakuwa mtu katili. Alimimina chai, akavuta kiti, akawaeleza njia halali. Waunde chama, chama kiombe sifa za kuidhinisha mafunzo, kikipata kijiidhinishie kibuyu, na kila mtu afurahi.

"Na chama kikipata sifa, wanachama wanaweza kufundisha njia yao?" Dokta Tindwa aliuliza.

"Mchana kweupe. Kwa spika, mkitaka."

*

Baraza lilijibu ombi la Kisindi kwa maneno ya kutia moyo. Ombi lilikuwa zuri, lugha safi, pambizo zimeachwa vya kutosha. Kasoro ilikuwa ndogo: waombaji wote walikuwa wanatibu. Hata hivyo kanuni, kwa huruma yake, iliruhusu kutakaswa. Mwanachama angekaa miezi mitatu bila kumgusa mgonjwa, na ili kuondoa mashaka angevaa glavu nyeupe za pamba zilizopigwa lakiri ya Baraza kwenye kifundo cha mkono. Lakiri ikivunjika, sifa imevunjika. Chama kisipungue watu wawili.

Bibi Kirumba aliwasomea hayo kwenye chumba kilekile cha chai. Kibuyu kilikuwa kimefunikwa kitambaa kwa amri yake.

"Ngoja nielewe," alisema Dokta Ngonde. "Tuache kutibu ili turuhusiwe kufundisha kutibu."

"Umeieleza vizuri kuliko kanuni yenyewe, Dokta. Naomba niinukuu."

"Na hao watakaoumwa katika miezi mitatu?"

"Kanuni inahusu vyama. Wagonjwa hawajaunda chama."

Dokta Ngonde alimgeukia mwenzake. "Dada, tuachane na haya mambo. Mfundishe kijana chini ya mti, nyuma ya jiko, popote. Nani atajua?"

"Mimi," alisema Bibi Kirumba. "Nimepewa chumba hapa, jirani na maabara. Ni kizuri, kina hewa."

Dokta Tindwa alipiga hesabu. Akifundisha kwa siri wakakamatwa, hospitali inaenda kwa mifugo. Asipofundisha, mwisho wa mwaka anaondoka na njia yake. Akivaa glavu leo, atabakiwa na muda wa kutosha kabla ya kustaafu, tena si kwa Shukurani peke yake: waganga wa zahanati zote wangeitwa, wakunga wangeitwa, kila mmoja angefunga uzi mpaka vidole vikariri.

"Lete glavu," alisema.

"Na mimi nitabaki na nani?" aliuliza Dokta Shukurani. Swali lake lilisikika dogo katika chumba.

"Na wagonjwa, mdogo wangu," alisema Dokta Ngonde akinyoosha mikono yake. "Hawatakuacha hata dakika moja."

*

Kipindi cha usafi kilianza vizuri. Madaktari wawili wa Kisindi walikaa kwenye benchi la veranda, mikono myeupe magotini, kama watu wanaosubiri kuitwa kwenye harusi. Walikula kwa kijiko. Watu walipowasalimia walikunja mikono kifuani na kuinamisha kichwa, na wazee wengine wakadhani wamebadili dini.

Majaribu yalikuwepo. Mtoto wa mwisho wa Dokta Ngonde alipata homa. Baba yake alisimama kando ya kitanda akamuuliza mkewe, "Ni ya moto sana? Shingo inakunjika? Mwinamishe nione." Bibi Kirumba, aliyepita kusalimia, aliandika kwamba mwanachama amekutwa akimtazama mgonjwa kwa kukusudia. Mtoto alipona, akamwomba baba yake ambebe, na baba alifikiria lile neno "mgonjwa" kwa muda, kama bado linamhusu, kabla ya kumwambia asubiri.

Dokta Shukurani alitibu wilaya nzima. Alilala kwenye kiti. Akikwama alitoka verandani, akawatazama wakubwa zake, nao wakamtazama, na Bibi Kirumba akawatazama wote watatu. Kisha alirudi ndani kufungua kitabu.

Vifo vya Kisindi viliongezeka. Baraza lilipopata takwimu hizo lilifurahi, kwa sababu zilithibitisha kwamba madaktari wale kweli walikuwa hawagusi. Mheshimiwa Mpangala aliamua kuja mwenyewe kufungua lakiri siku kipindi kitakapokwisha, kwa mkasi wa dhahabu, saa kumi jioni.

*

Siku hiyo mbele ya hospitali palipigwa hema. Viti vilivishwa vitambaa vyeupe kama zile glavu. Mtu wa spika alikuwa anahesabu moja mbili, moja mbili, tangu asubuhi.

Saa nane mchana, katika chumba cha kujifungulia, Mwalimu Rehani Songoro wa shule ya msingi alizaa mtoto wa tatu, wa kike, mwenye sauti. Kondo la nyuma lilitoka zima. Damu ikafuata, na haikukoma.

Dokta Shukurani alifanya kila kilichokuwa kitabuni, tena kwa mpangilio wake. Alichoma sindano ya kuukaza mfuko wa uzazi, akausugua juu ya tumbo, akatundika dripu, akachoma ya pili, akatumbukiza mkono akaukandamiza kwa ndani. Sista Sabela, mkunga, alibadilisha shuka.

"Dokta, hii ni ya tatu," alisema.

Dokta Shukurani alipoinua kichwa alimwona Dokta Tindwa amesimama mlangoni, glavu zake nyeupe zimening'inia ubavuni. Nyuma yake alikuwa Bibi Kirumba, aliyekuja kukagua lakiri kabla ya sherehe.

"Shukurani," alisema Dokta Tindwa. "Kile kibuyu."

"Dokta Tindwa," alisema Bibi Kirumba.

"Nimetaja kibuyu tu."

"Kutaja si kosa. Kutaja kwa kufuatanisha ndiyo mafunzo."

Dokta Shukurani hakuweza kuutoa mkono. "Mlinikatisha kwenye uzi," alisema. "Uzi unafungwa wapi? Nikiufunga vibaya maji yatavuja yote."

"Wewe unafikiri unafungwa wapi?"

"Hilo ni swali la mtihani, dada yangu," Bibi Kirumba alisema taratibu. "Mitihani ina idhini yake."

"Sabela, kabati la uzazi wa mpango liko wazi?"

"Liko wazi, Dokta."

"Nauliza tu kama liko wazi."

Sista Sabela alikuwa ameshatoka mbio.

Mwalimu Rehani alifumbua macho. "Mtoto amelia?" aliuliza.

"Amelia, mwalimu. Amelia sana."

"Mbona nasikia baridi? Fungeni dirisha."

Dirisha lilikuwa limefungwa. Nje mtu wa spika alifika tena mbili, akaanza tena moja. Bibi Kirumba alimsogelea Dokta Tindwa na kumnong'oneza, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Bado saa mbili. Mheshimiwa yuko njiani, ameshapita daraja. Saa mbili tu, utakuwa na chama, utafundisha nchi nzima. Wangapi utawaokoa? Fikiria hesabu yake."

"Nimeifikiria miezi mitatu," alisema Dokta Tindwa. "Huyu hana saa mbili."

"Kanuni haina kipengele cha hilo."

"Najua."

Aliinua mkono wa kulia mdomoni, akaing'ata lakiri, akaipasua. Kisha wa kushoto. Glavu zilianguka chini, na Bibi Kirumba, kwa mazoea ya kazi, akaziokota kabla hazijalowa.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Dokta Tindwa alinawa, akavaa glavu za mpira, akavika kondomu kwenye mpira wa mkojo, akafunga uzi chini kidogo ya ncha, akauzungusha mara mbili, umekaza lakini haujaubana mpira ukaziba. Akaingiza. Sista Sabela akafungulia maji ya chumvi. Kondomu ikajaa ndani taratibu, ikausukuma ukuta wa mfuko wa uzazi kutoka upande ule ambao damu haikuutegemea, na damu ikapungua, ikawa matone, ikakoma. Dokta Tindwa hakusema neno hata moja. Dokta Shukurani alisimama begani kwake na hakupepesa macho.

Mwalimu Rehani aliishi. Habari hii haimo katika taarifa ya Baraza, kwa kuwa haikuhusu ithibati.

*

Mheshimiwa Mpangala alifika saa kumi kamili, na kwa kuwa ratiba ilikuwa imeshachapishwa, sherehe ilifanyika. Dokta Ngonde, ambaye lakiri zake zilikuwa nzima, alisimamishwa peke yake mbele ya hema. Mheshimiwa alikata lakiri kwa mkasi wa dhahabu, akampongeza kwa uvumilivu, akamtangaza kuwa msafi, kisha akamjulisha kwamba hastahili, maana mtu mmoja si chama.

"Nilijua nitakosa mwenzi siku ya harusi," alisema Dokta Ngonde. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kumbeba mtoto wake.

Hukumu ilitoka baada ya wiki mbili. Dokta Tindwa alifutiwa leseni na kukatazwa kuzungumzia tiba mahali popote anapoweza kusikiwa na mtumishi wa afya. Jambo la Dokta Shukurani lilikuwa zito zaidi. Dokta Tindwa alikuwa ametibu, na kutibu ni kosa linaloeleweka. Lakini kijana alikuwa amejifunza.

"Ulitazama?" aliulizwa mbele ya tume.

"Nilikuwa daktari wa zamu."

"Hatukuuliza zamu. Ulitazama?"

"Nilitazama."

"Uliuona uzi ulipofungwa?"

"Niliuona."

Tume ilikiri kwamba ilikuwa mara ya kwanza kushughulikia ujuzi ulioingia kwa macho. Hilo lingekuwa kosa la pili la Kisindi, na idara ya mifugo ilikuwa imeshatuma mtu kupima milango kama inapitisha ng'ombe. Lakini Mheshimiwa Mpangala, aliyefikiri tena hadi baada ya mwisho, aliona mlango wa huruma. Ujuzi uliopatikana isivyo halali unaweza kurudishwa. Dokta Shukurani angeitwa makao makuu kufanya Mtihani wa Kusahau. Akifaulu, leseni yake itabaki, na hospitali itabaki. Akishindwa, basi. Na akishafaulu, siku atakapoonekana anajua tena, itakuwa amelidanganya Baraza, na kosa hilo halina mlango.

Kabla ya kusafiri alipitia kwa Dokta Tindwa. Alimkuta uani anapukuchua mbaazi. Alikaribishwa kigoda, akapewa nusu ya lundo, wakapukuchua pamoja.

"Mbaazi zimekauka vizuri mwaka huu," alisema Dokta Tindwa.

"Ndiyo, mama."

"Waambie hujui. Wilaya ibaki na mtu wa kuchoma sindano."

"Na akija mwingine kama Mwalimu Rehani?"

Dokta Tindwa alimtazama. Kijana alikuwa mtumishi wa afya, na alikuwa anasikia.

"Siruhusiwi kukujibu," alisema, akaendelea na mbaazi.

*

Mtihani ulifanyika katika ukumbi wa Jumuiya ya Madaktari Wasio na Wagonjwa, chini ya picha za waasisi wake wakila chakula cha mchana. Watahini walikuwa watano. Mheshimiwa Mpangala aliketi katikati.

"Mama amejifungua," alianza. "Damu haikomi. Dawa zimeshindwa. Hospitali ya mkoa iko mbali. Utafanya nini?"

"Sijui, Mheshimiwa."

Watahini waliinamiana. Yule wa klabu ya mpira alitikisa kidole.

"Umejibu haraka mno. Asiyejua hufikiri kwanza. Wewe umejibu kama mtu anayelijua jibu na amelikwepa. Tunarudia."

Swali lilirudiwa. Dokta Shukurani alifikiri. Alitazama dari. Vidole vyake vya mkono wa kulia, juu ya goti, vilizungusha kitu kisichokuwepo, mara mbili, na alipogundua aliuweka mkono wa kushoto juu yake.

"Sijui," alisema.

"Umewahi kujua?"

"Sikumbuki."

Hapo ukumbi ulipiga makofi, kwa maana jibu hilo lilizidi hata lililotarajiwa. Alifaulu kwa daraja la juu. Mmoja wa wenye hoteli alisema kijana wa aina hii anafaa kuombwa arudi aendeshe somo. Akapewa alama za mafunzo za mwaka mzima, alama ambazo Kisindi haijawahi kuzipata kwa njia nyingine yoyote.

Alikuwa ameshafika kwenye korido, anatafuta mlango wa kutokea, aliposikia viatu nyuma yake. Alikuwa Mheshimiwa Mpangala. Hakuwa na karani wala mlinzi. Alimshika mkono, akamvuta karibu na ukuta.

"Kijana," alisema. "Hongera. Sikiliza. Nina binti yangu, wa pekee. Ameolewa Ruhanga, wilaya ya mbali kama yenu. Ana mimba ya mapacha, mwezi wa nane. Safari ya kwanza damu ilimsumbua karibu tumpoteze. Huko wana daktari mmoja, naye tulimpa onyo mwezi uliopita." Alitazama huku na huku. "Sasa, tuseme tu. Kama mtu kwa mtu. Ule uzi mnafunga wapi?"

Dokta Shukurani alimtazama usoni. Ulikuwa uso wa baba. Pia ulikuwa uso uleule uliomuuliza mara mbili ukumbini. Mlango wa ukumbi, nyuma yao, ulikuwa wazi kidogo, na sauti za watahini zilikuwa zimenyamaza. Alifikiria hospitali, na yule mtu wa kupima milango. Alijaribu kuona kama mtihani umekwisha, na hakukuwa na chochote katika korido kilichoweza kumhakikishia.

"Sijui, Mheshimiwa," alisema.

Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa jibu lilikuwa sahihi. Lakini hakuuachia mkono. Aliuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, na Dokta Shukurani akamjibu tena, sahihi.